Wanawake Wawili wa Chuma

Pale karakana walimwita Cheche, kwa sababu tangu akiwa na miaka saba hakukimbia cheche za moto kama watoto wengine, alizisogelea. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea, mtengenezaji wa mageti na madirisha, mtu wa maneno machache na vipimo vingi. Alimvisha binti yake ngao ya uso iliyomfikia kifuani, akamfundisha kutuliza mkono.

Alipofika miaka kumi na minne alijijua. Wenzake darasani walipoteta habari za wavulana, macho yake yalikuwa kwa msichana wa dawati la mbele, aliyecheka huku amefunika mdomo. Hakumwambia mtu. Aliokota vipande vya chuma chini ya meza ya baba na kuviunganisha: shingo iliyoinama, kiganja kwenye midomo. Kilichokataa kutoka kinywani kilitokea mikononi. Baba alidhani ni michezo, akanung'unika tu kwamba vijiti vya kuchomelea vinaisha mno.

Alipofika miaka ishirini na miwili, shangazi zake wakaanza kuleta wachumba. Wa tatu alikuwa mwalimu mpole kiasi kwamba Cheche alimwonea huruma, na hapo ndipo alipochoka kujificha. Aliwaambia wazazi wake sebuleni, mchana kweupe, kwamba yeye anapenda wanawake, na hakuna aliyemharibu. Mama alilia, kisha akamshika mkono. Baba alirudi karakana, na tangu siku hiyo akawa anazungumza naye kwa vipimo tu: mita mbili kwa moja, nondo sita.

Alivumilia mwaka mzima, kisha akapanga chumba chenye ua mpana na kufungua kazi yake. Huko alimpata mwenzake, muuguzi wa wodi ya watoto, aliyeagiza mlango na kurudi mara tatu kulalamikia mlango usio na kasoro hata moja. Kwa mabomba na baiskeli mbovu Cheche akajenga wanawake wawili, warefu kuliko mtu, mmoja akimfunga mwenzake kilemba. Akawapeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya mji, na kwenye kibao akaandika bila kupindisha: "Mimi na Mpenzi Wangu."

Wapo waliosonya. Wengi zaidi walisimama na kutazama. Siku ya pili baba alitokea, na ovaroli lake la kazi. Aliinama moja kwa moja kwenye kiungo cha mkono na kilemba, akapitisha kidole gumba.

"Hapa umetumia moto mdogo."

"Kingetoboka, baba. Chuma chenyewe chembamba."

Mzee akakipapasa tena kile kiungo. "Kweli. Mimi ningekitoboa," akasema.

Kisha akauliza yule wa pili yuko wapi. Muuguzi akasogea, akamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," baba akaitikia, kwa sauti ileile anayomwitikia Cheche.

Maktaba ya mji ndiyo iliyowanunua wale wanawake wa chuma, wasimame mbele ya lango lake. Siku ya kuwasimamisha baba alifika kabla ya winchi na kumfokea dereva asubuhi nzima: "Taratibu, hao ni watu." Shangazi mmoja alikuja kuchungulia, akaishia kushika kamba. Na Cheche, amepiga magoti kwenye msingi, alikuwa akikaza boliti za mwisho mbele ya mtaa mzima, akiimba kwa sauti ya juu wimbo ambao hata maneno yake hakuyajua vizuri.