Siku Mama Alipozima Picha

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mchafukoge, ukifungua ukurasa wa intaneti ulikuwa na muda wa kushuka chini kununua mihogo ya kukaanga, ugombane na muuzaji kwa kukunyima chachandu, upande tena ngazi, na ukurasa bado haujafika hata nusu. Kurasa zilifunguka kuanzia juu, taratibu. Ukitaka kumwona mwanamuziki unayempenda, unaletewa nywele kwanza. Macho yakianza kutokea, kaka wa kaunta anakwambia muda wako umekwisha. Watoto wa leo wakisubiri sekunde tatu tu wanatupa simu kitandani na kulalamika kwamba nchi hii haiendelei.

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, dada yangu Zuhura, na mimi niliyekuwa darasa la sita. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alikuja mjini kutoka Lindi akiwa msichana, elimu yake ya darasa la saba, na alifanya kazi ya usafi kwenye intaneti kafe iliyokuwa ghorofa ya pili, jengo la jirani na letu. Nikitoka shule nilimfuata huko huko, miguu ina vumbi la kucheza rede, mdomo mwekundu kwa ubuyu. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya sakafu iliyochanganyika na joto la mashine, naviona vile viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikilia kama ina kikohozi.

Kaka wa kaunta aliitwa Frenki. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa kila kitu. Asubuhi mtandao ukizidiwa, alipita mashine moja baada ya nyingine akibadilisha mipangilio huku akijisemea kila hatua kwa sauti, na mama anadeki nyuma yake. Jioni alirudisha kila kitu kilivyokuwa, maana wateja walipenda picha.

Zuhura alikuwa amefeli kidato cha nne mara ya kwanza, na jengo zima lilijua. Mwaka mzima uliofuata alisoma mwenyewe mezani pale sebuleni, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Siku moja kabla ya matokeo kutoka alimwambia mama, "Safari hii nikikosa, usinitafutie tena shule. Nimechoka kuonewa huruma kwenye ngazi." Mama aliendelea kuchambua mchele.

Matokeo yalipotoka, Frenki hakuwepo, alikuwa Songea kwenye msiba. Kaunta ilikuwa na mwenye kafe, Mzee Salumu, mtu mwema aliyejua kuwasha mashine na kuzima, basi. Kafe ilifurika. Foleni ilishuka ngazi mpaka barabarani: wanafunzi, wazazi, kuna bibi aliyeshika namba ya mjukuu wake kwenye kipande cha kitenge. Na mashine zote zilikuwa zimekwama. Juu ya ukurasa wa matokeo kulikuwa na picha kubwa, na kila mashine ilikuwa inaivuta picha ile ile, ukanda mwembamba kwa ukanda mwembamba, halafu inakatika na kuanza upya.

Zuhura alikaa mbele ya mashine karibu saa nzima. Alikuwa anatafuna kola ya gauni lake. Nyuma yake watu wakaanza kumwambia ainuke, wengine nao wajaribu.

Mama akatoka stoo na dekio lake. Akatazama ile picha, akainama sikioni kwa Zuhura.

"Zima picha."

"Picha gani, mama?"

"Za mashine yote. Nenda juu kwenye yale maneno, la tano kutoka kushoto. Ligonge. Sasa shuka mpaka la mwisho kabisa."

Mzee Salumu aliruka kutoka kaunta. "Mama Zuhura, usiguse mitambo, utaniharibia!"

"Samahani, mzee wangu," mama akasema, "lakini zimekwama zote. Zitaharibika vipi zaidi ya hapa?"

Watu wakacheka. Mzee naye akarudi kaunta. Mama akaendelea, hagusi kitu kwa kuwa mikono ilikuwa na maji, anaonyesha kwa kidevu tu. "Kile cha mwisho upande wa kulia. Shuka, shuka, hapo pa picha. Ondoa tiki. Kubali. Sasa fungua upya."

Ukurasa ukaja bila urembo wowote, maandishi meusi tu, majina na namba kutoka juu mpaka chini. Kafe nzima ikapiga kelele. "Mama, na huku!" "Mama, njoo kwangu!" Akawa anazunguka na dekio lake mkononi, akirudia, la tano kutoka kushoto, la mwisho chini, na watu wazima waliosoma vyuo wakamfuata kama watoto wa chekechea.

Zuhura alikuwa amefaulu masomo yote aliyorudia. Hakupiga kelele. Aliinama juu ya meza, nami nikadhani amefeli tena, nikaanza kulia, mpaka aliponivuta na kunionyesha kwa kidole. Ngazini wakampigia makofi watu ambao hatukuwajua. Mashine ya pili yake kulikuwa na msichana aliyekosa. Mama akaweka dekio chini, akajifuta mikono kwenye kanga na kumshika bega. "Hata huyu wangu alianza hivi hivi, mwanangu. Usiende nyumbani peke yako. Subiri, tutakusindikiza." Tukamsindikiza mpaka Mnazi Mmoja, alikokuja kumpokea shangazi yake.

Frenki aliporudi alimkuta mama amewekewa kiti cha pili kaunta.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Wewe. Mimi nilikuwa nadeki kwa mikono, Frenki, si kwa masikio."

Mama alikaa kaunta ile miaka mingi, mpaka simu za mkononi zilipowamaliza wateja na kafe ikafungwa. Zuhura leo ni mwalimu huko Mtwara.

Mwanawe anaishi kwangu, Buguruni. Matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Nikamwita ale, akasema hasikii njaa. Baada ya saa mbili nikashika simu, nikaona ameweka mtandaoni picha nyeusi isiyo na neno, na marafiki zake wamejaza alama za machozi. Ukurasa wake wa matokeo ulikuwa umefunguka kufumba na kufumbua. Alikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa, mlango umefungwa, na alikuwa ameyasoma peke yake. Niliingia nikakaa naye kitandani. Kila neno nililomwambia lilikuwa limechelewa saa mbili.