Manowari Ilipinda Upande Gani

Siku ile juu darini tulikuwa watu watano. Mimi, mama mzazi wa huyu mwanangu nnayemhadithia. Mke mwenzangu, ambaye mume wetu alipofariki watu walidhani tutagawana vyombo na kila mtu ashike njia yake, lakini tumebaki nyumba moja hapa Matrah, bandari iliyo nje ya mlango wa Hormuz, mpaka leo. Na mwanangu huyu yeye ndiye aliyembeba mgongoni wakati mimi nimelala na homa ya uzazi. Mjukuu wangu, bint wa mwanangu. Mume wa mjukuu, anaendesha winchi bandarini. Na mpangaji wetu wa chini, Mkenya, Mkristo, kazi yake kufua na kupiga pasi nguo za hoteli. Majina yao nnayo yote, na ya mama zao pia, ila mjukuu wangu kanikataza kuyaandika, anaogopa isije ikaharibika kazi ya baba yake. Haya, siyaandiki. Ambaye hakuwepo ndiye tuliyekusanyika kwa ajili yake.

Mwanangu ni fundi wa mashine kwenye meli ya mafuta. Vita vya Wamarekani na jirani zetu wa upande wa pili wa bahari vilipoanza, meli yao ilikuwa ndani, ng'ambo ya mlango wa Hormuz, imeshajaza, ikatia nanga hapo hapo pamoja na nyingine. Wenye meli wakawaambia hawatoki mpaka itangulie mbele yao manowari kubwa ya Kimarekani, zile wanazoziita kruza, kwa kuwa hizo ndizo zinazoliona kombora mapema na kuliangusha. Ndogo haitoshi. Meli moja ya jirani zao ilijaribu kutoka peke yake ikapigwa, wakaiona inawaka mchana kutwa.

Na mwanangu ana sukari. Anajipiga sindano. Dawa aliyochukua ilikuwa ya safari, haikuwa ya kukaa. Akitupigia simu haitaji, na mimi simuulizi mbele ya mtoto wake, lakini nlikuwa nnaisikia sauti inavyokuwa nzito, ulimi unachelewa, nikajua anapunguza kipimo ili dawa isogee mbele.

Ndiyo ikawa mimi, niliyesoma Kurani chuoni na skuli mpaka darasa la nne, nnazijua kruza za Marekani kama ninavyowajua watoto wa mtaa. Mjukuu wangu ana ramani katika simu inayoonesha meli. Ya baba yake ni alama nyekundu isiyosogea. Lakini manowari humo hazionekani, zinajificha, kwa hivyo tukawa tunaokota kidogo kwenye khabari, kidogo kwa mkwe wetu wa bandarini. Zimebaki chache, zenyewe zimezeeka, na wenyewe wanazistaafisha moja moja. Tukawa tunazihisabu kama unavyohisabu wanawake wa kuja kukupikia kwenye shughuli. Huyu mgonjwa, yuko kwa fundi. Yule yuko bahari nyingine, ana shughuli yake. Yule keshastaafu, usimtaje. Nani basi atapatikana?

"Mwenzangu, ushakuwa jemadari," mke mwenzangu akaniambia siku moja jikoni.

"Na wewe je?"

"Mimi nnatwanga thomu ya mchuzi. Kila jeshi lina mpishi wake."

Basi siku hiyo, baada ya alasiri, mkwe wetu akaja mbio kutoka kazini, hata viatu hakuvua. "Pandeni juu," akasema. "Pandeni juu mtazame."

Tukapanda. Ilikuwa nje kidogo ya ghuba, ya kijivu, minara juu ya minara, imetulia kama imejengwa pale. Mke mwenzangu akapiga kigelegele, yeye ambaye hata harusini siku hizi hapigi. Mkenya alikuwa anaanika mashuka, akayaacha kwenye beseni akaja kutushika mikono. Mimi nikalia. Nikaagiza kahawa iletwe na halua, watu wakae, tuitazame vizuri. Niliona kama mwanangu ameshaingia mlangoni na ananiuliza kuna nini cha kula.

Mjukuu wangu akapiga simu, akaifungua sauti sote tusikie.

"Baba, ishafika. Tunaiona kwa macho yetu."

"Ipo wapi?"

"Hapa Matrah. Mbele yetu."

Nikadakia. "Mwanangu, furahi. Kubwa kama mtaa. Tumekaa tunaitazama na kahawa."

 Akasema, polepole kama mtu anayepanda ngazi, "Mama, hiyo mnayoitazama ndiyo tuliyokuwa tunaingoja huku. Ikiwa imekaa kwenu, huku hatuna kitu."

Wallahi, hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza hilo. Tulidhani msaada ukishauona, ndiyo umefika. Mkwe wetu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba bandarini amesikia kuna kitu cha mashine kimevunjika, wanangoja kingine kije kwa ndege. Alilijua hilo tangu anapanda ngazi, naye alidhani si kitu. Kahawa ikapoa vikombeni. Mke mwenzangu akaifunika halua kwa sahani, kama tunavyofunika chakula cha mtu ambaye hajarudi.

Tangu hapo nikawa napanda darini kila baada ya sala ya alfajiri, na magoti yangu haya, nikiomba nisiione. Naufungua mlango wa juu, nnaiona. Chini kando ya bahari watu wanapiga picha nayo, watoto wamebebwa mabegani waione. Nilitaka kuwapigia kelele waondoke, wasiifurahishe, isije ikajisikia vizuri ikakaa.

Siku moja nikamwambia mke mwenzangu, njoo tusome Yasini, mashine ya ile manowari ipone.

Akaiweka chini tasbihi yake. "Mwanangu namuombea kila nikivuta pumzi. Lakini lile dude, mwenzangu? Unajua lilikuja kufanya nini? Ng'ambo ile linayopigana nayo yuko mama kama wewe, na yeye anasoma Yasini, lizame."

"Nnajua."

"Na bado unataka?"

"Nnataka."

Akanitazama. Sijawahi kumwona akinitazama hivyo, hata siku niliyoingia nyumba hii nikamkuta. "Haya," akasema. "Na utaliombea vipi? Mtu tunamtaja yeye na mama yake ndipo dua inajua pa kwenda. Hilo utasema nini? Manowari bint nani?"

Mkenya alikuwa nyuma yetu na kapu la nguo. Akasema, "Shosho, bibi yangu, wacha mimi niiombee. Sisi kwa kanisa huwa tunaombea hata gari. Unaweka tu mkono kwa boneti."

"Mkono utaufikisha wapi, na lenyewe liko kule?" mke mwenzangu akamuuliza.

"Nitaunyoosha tu."

Akaunyoosha kweli. Akasimama katikati ya mashuka ya hoteli, macho kayafumba, mkono kauelekeza baharini, akaomba kwa lugha ya kwao. Mke mwenzangu akajifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Nlidhani anacheka. Nilipomtazama tena hakuwa anacheka.

Na mimi niliomba. Nilisema, Mola wangu, unakijua ninachokiomba, na unajua ninavyokionea haya. Sikusema zaidi ya hapo.

Ikaondoka asubuhi moja ya vumbi, siku ambazo milima huioni na bahari imekuwa rangi moja na mbingu. Mkwe wetu alipiga simu kutoka juu ya winchi: imeng'oa nanga. Mjukuu alikuwa kazini, Mkenya hotelini. Tukapanda sisi wawili, tumeshikana, kila mmoja anamvuta mwenziwe.

Sasa, hapa kwetu ukisimama darini ukaielekea bahari, kushoto ndiyo njia ya kwenda Hormuz. Kulia ni Sidab, halafu Qantab, halafu bahari kuu, njia ya kurudi kwao Marekani. Tukaisindikiza kwa macho. Ikaenda mbele, mbele, ikawa kivuli. Khalafu ikapinda, na vumbi likaifunika.

"Kushoto," nikasema. "Alhamdulillahi. Imekwenda kushoto."

Mke mwenzangu akayakinga macho kwa kiganja.

"Huioni? Imepinda kushoto."

"Mwenzangu," akasema, "mimi nimeiona inakwenda kulia."

"Macho yako yana mtoto wa jicho."

"Na yako yana mtoto wako."

Tukashuka. Mkwe wetu tulimuuliza, akasema wakati inapinda winchi yake ilikuwa imeipa bahari mgongo. Bandarini hakuna anayesema. Khabari hazisemi. Alama ya mwanangu katika simu bado nyekundu, bado hapo ilipo. Yeye mwenyewe hapigi tena. Anayetuletea ujumbe ni rafiki yake wa melini, anaandika kwamba mwanangu amelala, akiamka atapiga. Mjukuu wangu ananisomea kila ukija, na kila ukija ni huo huo.

Haya ndivyo ninavyoyakumbuka. Yaweza kuwa halua ilikuja kabla ya kahawa, au kigelegele nilikipiga mimi, na kama kuna lililokwenda kombo, nisahihisheni, sitokasirika. Ila hilo la mwisho ndilo ninalolitaka khasa. Ikiwa manowari ilipinda kulia, basi watu wa Sidab na wa Qantab waliiona ikipita mbele yao, hata kwa vumbi lile. Mke mwenzangu ana jamaa zake Sidab, na simu anayo. Hajawapigia. Na mimi sijamwambia awapigie.

Kwa hivyo nawaomba nyinyi mnaosoma. Aliyekuwa pwani asubuhi ile, akaiona baada ya sisi kuikosa, aje aniambie kama nimekosea. Nyumba yetu watu wanaijua. Mkija, mniite mimi kwanza. Msianze na mjukuu wangu.