Nailoni ya Rimoti

Nailoni mpya ina harufu yake, kali na tamu, ya dukani. Juzi nilimkuta binti yangu wa miaka sita anaichuna nailoni ya rimoti ya televisheni. Harufu ikanipanda puani, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshainua mkono. Sikumpiga. Lakini niliuona ule mkono uko juu, nikautambua. Ulikuwa wa baba yangu.

Baba alikuwa mpiga picha Buzuruga, jirani na stendi ya mabasi, na studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Miaka hiyo ya tisini maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya Dubai, na mwenye kitu kipya alikiacha ndani ya nailoni yake mpaka ichanike yenyewe. Sofa letu lilikuwa nayo. Ukiinuka, mapaja yanabanduka kama plasta. Redio ilikuwa nayo, na juu yake kitambaa cha kufuma cha mama. Kwa hiyo baba alipoletewa flashi ya kusimama pembeni isiyotaka waya, hakuna aliyeshangaa kuona hakuivua nailoni. Ilikuja na kidude cha kupachika juu ya kamera. Ukipiga picha, kidude kinaiamuru flashi iwake kulekule iliko. Sisi tulikiita rimoti. Baba alikipachika na nailoni yake, kisije kikachubuka.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli mweupe wa kutawanya mwanga. Naapa niliipenda kuliko kula. Baba aliniahidi: nikishika bila kutikisika mpaka likizo, atanifundisha kupiga.

Jumamosi ya kwanza ya flashi ilikuja familia moja kutoka Nyakato. Bibi yao alikuwa anarudi Bukoba kwa meli siku ileile, wakataka picha naye. Wajukuu soksi nyeupe, mafuta yanameremeta usoni. Baba akapiga. Kamera ikalia kwacha, flashi kimya. Akatoa betri, akazing'ata, akaenda kuzianika juani. Akazirudisha. Kwacha. Akahamisha stendi ya flashi, akabadilisha namba za nguvu ya mwanga, akaipuliza. Kwacha. Chumba kinachemka, mtoto mdogo analia, baba wa watoto anatazama saa kila dakika, na mimi mkono wa mwavuli unakufa ganzi.

Baba alipoiweka kamera mezani ajifute jasho, nikanyoosha kidole nikabonyeza kitufe cha rimoti. Pa! Chumba kizima cheupe.

"Inawaka, baba! Ukibonyeza kwa mkono inawaka!"

"Nani kakutuma uguse?"

Akanyakua kamera, akapiga. Kwacha.

"Umeona? Umeshaiua."

Kofi likafuata, mbele ya wageni.

"Mwanangu," bibi akasema, "mtoto kasema inawaka. Hata mimi macho yameniuma."

"Mama, hii ni mitambo."

"Kwani mimi nimesema ni ndizi?"

Watu wazima wakacheka, ila baba hakucheka. Waliishia kupigwa picha mlangoni, jua machoni, wamekunja nyuso kama wanaosomewa hukumu, halafu wakaikimbilia meli.

Mwavuli nikanyang'anywa. Jumatatu, nikiosha vyombo uani, niliisikia flashi ndani: pa, pa, pa. Nikaamini niliiharibu kweli na baba ameitengeneza. Nikaitwa Mikono. Mgeni akija: "Huyu ndiye yule Mikono?" Na mimi naitika, shikamoo, nimeificha mikono mgongoni. Nilimaliza kidato cha nne bado naogopa kushika hata kikokotoo cha mwenzangu. Kupiga picha sikufundishwa.

Mwaka jana baba alifunga studio, nikaenda kumsaidia kuhamisha vitu. Ndani ya kopo la maziwa nikaikuta rimoti, bado imo kwenye nailoni. Nikaigeuza. Chini, pale chuma chake kinapogusana na chuma cha kamera, nailoni ilikuwa imekatwa kidirisha kidogo cha pembe nne, kwa wembe, kimenyooka vizuri, chuma kipate kugusa chuma.

"Ulikata lini hapa, baba?"

Akatazama. "Jumatatu ile."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ulikuwa mtoto."

Basi. Miaka yote hiyo. Alijua ni nailoni yake, akaona rahisi kuikata kimyakimya kuliko kuniambia maneno mawili. Nilidhani hasira yangu ni ya lile kofi. Kofi nilishalisahau. Hasira ni ya Jumatatu.

Kwa hiyo juzi nilipouona mkono wangu hewani, niliushusha, nikakaa chini, nikaimalizia nailoni kuichuna mwenyewe.

"Mama, nimekosea?"

"Hapana. Nimekosea mimi. Nilitaka kukupiga bure, nisamehe."

Niliyasema hayo kwa sauti. Baba, ambaye anaishi kwangu tangu afunge studio, alikuwa amekaa palepale sebuleni, anasubiri taarifa ya habari. Binti yangu akampelekea rimoti, uchi na nyeusi. Akaipokea, akaigeuza akatazama chini yake, akakaa nayo muda mrefu bila kuwasha.