Nadharia ya Utumbo wa Mbuzi

Nafundisha fizikia sekondari, kazi inayomfanya mtu aamini kwamba kila asiyejua kanuni za mwendo ni wa kuhurumiwa. Kiangazi kimoja, wakati wa likizo, nilikwenda Hirbadaw kwa wakwe zangu, wafugaji. Nilipompa baba mkwe shikamoo yake nikaona amechinja mbuzi, nikashukuru kimoyomoyo. Kumbe nyama haikuwa hoja. Alichotaka ni utumbo.

Majani yalikuwa yamekwisha na ng'ombe walikuwa mifupa mitupu. Ilibidi aamue: ahame nao wakiwa bado na nguvu za kutembea, au asubiri mvua. Akautandaza utumbo juu ya ngozi, akafuata mishipa yake kwa kidole, taratibu, akisoma habari za mvua.

"Siku tano haziishi itanyesha. Tunabaki."

Mdomo ukaniwasha. Nikamweleza kwamba nadharia ya kweli hukubali kupimwa; husema wazi ni jambo gani likitokea itakuwa imeshindwa. Nilimweleza hayo huku nikitafuna ubavu wa ushahidi wake.

"Isiponyesha siku tano, nimekosea," akasema. "Kuna mshipa niliuamini zamani. Ukanidanganya mara mbili, nikaacha kuusoma. Na simu yako inasemaje?"

"Inasema huenda ikanyesha, baba."

"Isiponyesha je?"

"Si ilisema huenda?"

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na meno.

Siku ya tano jua liliwaka bila haya. Kesho yake asubuhi mtamba mmoja alilala chini, akakataa kuinuka. Nikaanza: mgandamizo wa hewa, upepo uliogeuka, kwamba kitaalamu utabiri wa simu haukuwa na kosa. Kwa majibu yangu kundi zima lingekufa likiwa limeelezwa vizuri.

Mzee hakunisikiliza. Aliwaita wanawe, watu wazima wenye watoto wao, akasimama mbele yao na fimbo yake.

"Nimekosea. Niliusoma vibaya. Tunahama sasa hivi."

Hakuna aliyecheka. Walifungua zizi, ng'ombe wakatoka wakiyumba. Niliona aibu, aibu hasa, kwa sababu miaka yote niliyosimama ubaoni sijawahi kulitamka neno lile mbele ya wanafunzi. Nikaomba fimbo, nikaswaga pamoja nao.

Ng'ombe wawili walianguka kabla hatujafika kwenye maji. Kila mmoja alipoanguka mzee alisimama, akainama, akamwambia yule ng'ombe, "Nimekosea."