Aliyewasha Kompyuta Nikiwa Shuleni

Kompyuta yetu imekaa sebuleni, kwenye meza ya kona, na mwaka ule ilikuwa na kazi moja kubwa: kuchapa mitihani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Githongo, na shule kadhaa za jirani zilikuwa zimeniachia kazi ya kuandaa karatasi za mwisho wa muhula. Nilijua kwamba swali moja likionekana nje kabla ya siku yake, wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Nilianza kushuku kwa sababu ya sauti. Masikio yangu yalikuwa yanapungua nguvu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na spika za kompyuta nilikuwa naziacha zimefunguliwa hadi mwisho. Jioni moja nikaweka habari. Midomo ya msomaji ikacheza, nami sikusikia chochote. Nikadhani masikio yameniacha kabisa. Kisha nikaona kwenye skrini kwamba sauti imeteremshwa hadi chini. Nilipoipandisha nikasikia, kwa mbali, nikamshukuru Mungu. Ndipo nikajiuliza ni nani aliyeiteremsha.

Tangu hapo nikawa mwangalifu. Kitambaa cha kufuma ninachofunikia kompyuta nilikikuta kimegeuzwa ndani nje. Bando za intaneti zikawa zinaisha mapema. Na kompyuta ilikuwa na neno la siri ambalo hata mume wangu sikuwa nimempa.

Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua huko Timau, huja mwisho wa mwezi. Siku nyingine tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, ambaye alikuja kukaa nasi baada ya Mama kufariki. Baba alikuwa karani wa kupima kahawa kiwandani hadi alipostaafu. Ni mtu wa maneno machache, na kompyuta ile hakuwahi kuiulizia lolote. Nilimuuliza kama kuna mtu huingia nikiwa shuleni. Akasema hakuna, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nikabaki kumfikiria binti wa jirani anayekuja kuchukua maziwa, na fundi aliyewahi kututengenezea umeme, na kila nikiwafikiria naona hawafanani na jambo lenyewe.

Mwishowe nilimweleza mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta. Alikuja Jumamosi moja Baba akiwa sokoni. Aliniambia mashine huweka kumbukumbu ya kila inapowashwa na kuzimwa, na kila faili hujulikana ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Nilimwomba arudie, akarudia. Akatafuta, akasoma, akanigeukia. Mitihani haikuwa imeguswa na mtu mwingine. Lakini kompyuta ilikuwa inawashwa karibu kila asubuhi ya siku za kazi, saa ambazo mimi niko darasani.

"Tunaweza kuona pia alikuwa anatazama nini," akaniambia, mkono tayari kwenye mausi.

"Wacha," nikamwambia. "Hapo pametosha."

Asubuhi za siku za kazi nyumbani kwetu hubaki mtu mmoja. Sikutaka mtu wa nje asome mambo ya baba yangu, hata kama ni rafiki. Nilimpikia chai, tukaongea mengine, akaenda. Mzigo wa mitihani ulikuwa umenitoka, na mwingine ukaja: nikawaza labda Baba ana ugonjwa anaotuficha, na anautafuta humo peke yake.

Wiki iliyofuata watoto walikuwa na michezo. Nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikarudi nyumbani asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, amenipa mgongo, miwani ya kusomea usoni. Kwenye skrini kulikuwa na mwanamke mwenye sweta ya buluu anayechezesha mikono polepole, anasimama, anarudia. Baba naye alikuwa anamfuata. Vidole vyake ni vinene, na kile cha mwisho cha mkono wa kulia hakinyooki tena. Alikuwa anakisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka kikae kama cha yule mwanamke. Alikuwa anajifunza lugha ya ishara.

Alipogeuka na kuniona hakushtuka. Alimsimamisha yule mwanamke kwanza.

"Umerudi mapema, Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Baba, ni nani kwetu asiyesikia?"

Alivuta kiti, akakiweka mahali ninapouona mdomo wake vizuri. Nikakumbuka kwamba amekuwa akinikalisha hivyo kwa muda mrefu, mezani na kila mahali, na mimi sikuwa nimeona.

"Ni wewe," akasema. "Nakuita kutoka zizini huitiki. Nikafikiri nimekukosea. Halafu nikaona hata mvua ikipiga mabati hutoki kuanua nguo."

Ndipo akanieleza juu ya dada yake, shangazi ambaye sikumkuta. Homa ilimziba masikio akiwa mtoto. Pale kwao hakuna aliyekuwa na njia ya kuongea naye. Walimwonyesha mtungi akaenda maji, wakamwonyesha panga akaenda kuni. Baba yao alipofariki, aliona watu wanajaa uani na hakuna aliyeweza kumweleza wamefuata nini.

"Tulikua naye hadi akafa," Baba akasema, "na sikuwahi kumuuliza hata amelalaje. Wewe sitakufanyia hivyo."

Nililia pale kwenye kiti, naye akaningoja nimalize.

Mengine aliyajibu akitabasamu. Dada yangu mdogo, anayefanya kazi Embu, ndiye aliyemfundisha kuwasha na kutafuta alipokuja Pasaka. Sauti alikuwa anaiteremsha ili wapita njia wasiulize kuna nini, kisha anasahau kuirudisha. Alitaka kujua ya kutosha kwanza ndipo aniambie. Na neno la siri?

"Ukiliandika unalitamka herufi kwa herufi, kwa nguvu. Hata ng'ombe analijua."

Baada ya hapo sikuweza kuendelea kujificha. Dada yangu alinipeleka hospitali Embu nikapimwa. Sikio moja limekwisha, la pili linakwenda polepole, na kifaa nilichopewa kinanisaidia. Nilimweleza mwalimu mkuu mwenyewe, naye akakubali tupange madawati nusu duara ili niwaone watoto wote usoni. Mitihani ilifanywa bila tatizo.

Siku hizi tunajifunza pamoja tukishamaliza kukamua. Mume wangu hujiunga akija, anachanganya ishara, tunacheka. Yale ambayo mwanamke wa sweta hayajui, Baba huyatungia: ana ishara ya kupogoa kahawa, na nyingine ya mukimo, chakula chetu cha viazi na mahindi ya kupondwa, nayo ni ngumi inayoponda kiganja.

Jumapili iliyopita alikuwa amekaa mbele na wazee wa kanisa, mimi nyuma kabisa. Katikati ya mahubiri akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniuliza kwa mikono kama nimefunga mlango wa zizi. Nikamjibu nimefunga. Akageukia mhubiri, akaendelea kusikiliza.