Melania Anahamisha Brashi Zake

Mimi kompyuta ikiniambia kuna toleo jipya la kitu chochote, nabonyeza "Baadaye". Nimebonyeza Baadaye miaka tisa mfululizo katika duka langu la steshenari hapa Kasingirima, Ujiji, na mashine zangu zinatoa fotokopi bila ugomvi. Kwa hiyo mtu asije akasema sikumwonya Melania. Nilimwonya, tena kwa methali.

Melania ni mpangaji wangu wa meza ya dirishani. Alishuka kutoka Kalinzi, kijiji cha mlimani cha wakulima wa kahawa, akafikia kwa shangazi yake, akiwa na kompyuta ya mtumba, tableti ya kuchorea yenye skrini na kalamu yake, na jina ambalo mjini halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Alianza na kadi za harusi na fulana za kwaya, akaingia kwenye mabango ya saluni. Sasa ukizunguka soko la Ujiji, kila bango lenye maji ya ziwa ni kazi yake, na watu wanayatambua maji yake hata pasipo sahihi. Alijifundisha mwenyewe. Mimi nilichomfundisha ni kuchomoa waya umeme ukianza kuchezacheza.

Siri yake ni brashi. Programu ya kuchorea inakuja na brashi zake tayari, laini na nzuri, na kila mchoraji duniani anazo hizohizo. Melania hazitaki. Anasema mstari lazima uwe na kwao. Yeye hupaka wino kwenye kitu, hukikandamiza juu ya karatasi nyeupe, hupiga picha, huiingiza kwenye programu, na kitu kile kinakuwa brashi ya kuchorea. Anayo ya gunia la kahawa, ya nyuzi za mgomba, ya doa la mawese lililosambaa kwenye karatasi ya maandazi. Mawe ya ufukweni anayachora kwa brashi iitwayo Teles, ambayo ni kisigino changu cha kushoto. Alinipaka wino mchana kweupe, wateja wakitazama, na mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupata huduma hiyo.

Brashi hizo zilifika mia moja na kumi na mbili. Amezipanga kwa makundi, Jikoni, Shambani, Ziwani, na nyingi zina jina la mwenye kitu. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Wavu, brashi yake ya kwanza kabisa. Ukipitisha kalamu mara moja, wavu mzima unatandazika juu ya maji.

Basi Alhamisi moja asubuhi simu yake ikalia, akasikiliza amesimama, akakaa, akasimama tena. Mwanamke mmoja aitwaye Wema, mhariri wa picha katika kampuni ya vitabu Dar es Salaam, alikuwa ameliona bango lake moja. Walikuwa wanatengeneza kitabu cha watoto kuhusu uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika. Walitaka Melania achore ukurasa mmoja wa majaribio kufikia Jumatatu. Ukipendwa, kitabu kizima ni chake, na jina lake litakaa kwenye jalada.

"Kwenye jalada, kaka Teles," aliniambia. "Si ndani kwa herufi ndogo. Juu kabisa."

Nilifurahi mpaka nikamwachia mteja chenji zaidi. Lakini kulikuwa na jambo. Wema alitaka kazi ihifadhiwe kwa namna ambayo ni toleo jipya tu la programu linaloiweza, na kwa ukubwa ambao kompyuta ya Melania haikuwahi kuuona. Toleo lake lilikuwa la miaka minane iliyopita. Alipojaribu kufungua ukurasa wa ukubwa ule na kuweka matabaka manne ya rangi, skrini iliganda na kalamu ikawa kijiti.

Toleo jipya lilikuwepo, na fedha yake aliiweka akiba zamani. Kilichomtia hofu ni brashi. Alikuwa amesoma kwa wachoraji wengine kwamba toleo jipya linazipokea brashi za zamani, ila zikishaingia, nyingine hazijitambui.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," nikamwambia. "Mwambie Wema aupokee ukurasa mdogo. Akikataa, basi."

"Mbachao wangu umeganda, kaka. Hata kuukalia siwezi."

Alikuwa na haki. Na sikupenda kwamba alikuwa na haki.

Lakini yeye si mtu wa kukurupuka. Alinakili brashi zote kwenye flashi mbili, moja akaiweka kwenye pochi yake, nyingine akanikabidhi mimi niifungie kwenye droo ya risiti. Halafu akaomba kompyuta yangu ya kuskania, ili aweke toleo jipya humo, lile la zamani libaki salama kwake. Alisema kuhama si lazima uchome nyumba ya zamani. Programu ilishuka kwa bando la duka tangu saa tatu hadi saa tisa alasiri, nami nikawaambia watu wa kuskani waje wiki ijayo.

Ijumaa alianza kuhamisha. Aliingiza brashi moja, akapiga mstari, akautazama, akaingiza nyingine. Nilijifanya napanga bahasha, lakini macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Gunia la kahawa likaja zima, na nyuzi zake. Mgomba ukaja. Ilipofika zamu ya mawese, Melania alipitisha kalamu mara moja kisha akaiondoa haraka. Doa liliendelea kutambaa lenyewe, likaipenya rangi ya jirani, likaacha ukingo wa chungwa kama mawese yenyewe yanavyofanya kwenye kitambaa.

"Umeona?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimeona. Mwili ulinisisimka, na mimi ni mtu ninayechukia matoleo mapya. Alijaribu mawese kwenye karatasi kavu, kwenye rangi mbichi, juu ya kisigino changu. Alicheka peke yake. Chai yake ilipoa, nikamletea nyingine, nayo ikapoa.

Kisha akaingiza Wavu. Kwenye ukurasa ule mkubwa brashi ile ilitoka na ukungu, vinundu vya mraba mraba, kama tangazo la gazeti ukilitazama kwa karibu mno. Picha ya mwanzo aliipiga kwa simu ya zamani, ndogo, na hakuna toleo la programu litakaloongeza kisichokuwepo. Ukurasa wa majaribio ulikuwa wavu mtupu, ukipandishwa kutoka majini. Bila Wavu hakukuwa na ukurasa.

"Nitautengeneza upya," akasema. "Wavu ni wavu."

Jumamosi tukaenda Kibirizi, kwenye ufukwe wa wavuvi, mimi nimebeba wino na bunda la karatasi. Zilikuwa siku za mwezi mpevu. Usiku ukiwa na mbalamwezi dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu na kutengeneza vyombo. Vipe, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, vilikuwa vimevutwa mchangani, na nyavu zimetandazwa kila mahali. Melania alitembea kati yake kwa haraka ya mtu aliyeingia dukani na pesa yote.

Mshona nyavu mmoja, Mzee Feliksi, alikuwa amekaa na sindano yake ya mti. Melania akamwamkia shikamoo, akajieleza. Mzee aliposikia ni mtu wa Kalinzi akamsalimia upya kwa Kiha, "Mwidiwe," akamsogezea ndoo akae. Melania akafungua tableti, akamwonyesha mchoro wa mwanzo aliouchora kwa Wavu ya zamani, kipe kinapandisha dagaa. Mzee Feliksi aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kazi nzuri," akasema. "Ila binti, wavu huu umeutoa wapi?"

"Kwa shangazi, Kasingirima. Ulikuwa kwenye uzio."

"Uzio wa nini?"

"Wa kuku."

Eufrasia, mama aliyekuwa akigeuza dagaa juani pale jirani, akaja kuchungulia. "Aa, dagaa wote wanapita hapo," akasema. "Kwa macho hayo mtakula ugali kwa mawese matupu." Wenzake wakaja pia, wakacheka hadi wakashikana mabega. Wavu wa dagaa una macho, vile vijitundu vya kati ya nyuzi, madogo kama ya chandarua. Ule wa shangazi ulikuwa wa samaki wakubwa, tena uliochoka, uliobaki kuzuia kuku. Kwa miaka minane kila kipe alichokichora Melania kilivua maji.

Yeye alikulia mlimani kwenye kahawa. Ziwa alilitazama kutoka juu, na wavu alioukuta kwanza alidhani ndio wavu. Hilo lilieleweka. Kisichoeleweka ndicho alichonigeukia kuniuliza.

"Wewe ni mtoto wa Ujiji, kaka Teles. Hukuona?"

Niliona. Niliona tangu bango la kwanza. Lilikuwa zuri, na watu walikuwa wanalisifu, nikasema ni pambo tu, mimi ni nani nimvunje moyo mgeni. Mwaka wa pili nikawa nimechelewa kusema, wa tatu nikawa nimechelewa zaidi. Nikamwambia hivyohivyo, mbele ya wale kina mama.

"Nyote mlijua," akasema. "Mji mzima."

Niliona aibu, nayo haijanitoka. Alinipa mgongo, akamuuliza Mzee Feliksi kama anaweza kuupaka wino wavu wa kweli.

Mzee akampa kipande kilichokatwa. Akakipaka, akakikandamiza, akafunua. Karatasi ilikuwa nyeusi tii. Macho yale ni madogo mno, wino ulijaa wote. Akajaribu wino mwepesi, akapata kijivu. Karatasi ya sita aliikunja na kuikalia.

"Binti, sisi hatuutazami wavu chini," Mzee Feliksi akasema. "Chini hauonekani."

Akaita vijana wawili. Wakauchovya wavu ziwani, wakautoa, wakaushika huku na huku wakauvuta uelekee jua. Hivyo ndivyo wanavyotafuta palipochanika, alieleza. Kila jicho zima linabaki na utando wa maji na linang'aa. Penye tundu hapang'ai. Maelfu ya macho yaliwaka kwa pamoja, na Melania akasahau kwamba amenikasirikia.

"Kitu cheusi nyuma yake," akasema. "Kaka Teles, koti."

Nikavua koti langu la Jumapili, nikalishika nyuma ya wavu, maji yakinitiririkia viatuni. Alipiga picha kama mia mbili. Kila wavu ulipokauka vijana waliuchovya tena, na hakuna aliyelalamika. Kina mama walikuwa wameacha dagaa zao, wakimwambia sogea kushoto, jua limehama.

Tulirudi dukani mbio. Mchana huohuo brashi mpya ilikuwa tayari, na ndipo toleo jipya lilipolipa. Ukikandamiza kalamu, macho ya wavu yanavutika, ukilegeza yanarudi, na kila jicho linabeba maji yake. Melania alipandisha wavu kutoka ziwani kwa mpigo mmoja mrefu wa kalamu, bila kuvuta pumzi. Nilipiga makofi. Mtu mzima, peke yangu, kwenye duka la fotokopi.

Jumapili baada ya misa akamaliza ukurasa, akautuma pamoja na michoro ya mwanzo. Jumatatu saa nne Wema akajibu kwa maandishi. Alisema ni kazi safi sana. Ila angependelea wavu wa ule mchoro wa mwanzo, wenye macho makubwa, kwa sababu mtoto ataona mara moja kwamba ni wavu.

Melania alisoma mara mbili. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye busara, "Mpe tu anachotaka. Jalada ni jalada." Akanitazama, nami nikajua nimerudia kosa lilelile, safari hii kwa kusema.

Akaandika, nami nikasoma begani kwake: "Dada Wema, ule ni wavu wa kufugia kuku. Hauwezi kushika dagaa hata mmoja. Mtoto wa Kibirizi akifungua kitabu chenye jina langu atacheka, na atakuwa na haki. Kama lazima uwe ule, naomba mtafute mchoraji mwingine." Akatuma, kisha akaondoka kwenye meza akaenda kusimama mlangoni.

Saa nzima simu haikulia. Ilipolia aliiweka sauti kubwa.

"Melania," Wema akasema, "mimi dagaa nawajua kwenye sahani tu. Ungekubali kubadilisha, kitabu kingetoka hivyo na nisingejua. Tunaendelea na wavu wako. Mkataba nautuma leo."

Alikata simu, akakaa sakafuni katikati ya duka langu, akalia na kucheka, na mteja wa picha za pasipoti akamruka kwa adabu.

Jioni jua likiwa bado lipo tulikuwa Kibirizi tena, maana alitaka Mzee Feliksi auone ukurasa kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee aliishika tableti kwa mikono miwili, akaigeuza ielekee jua. Hakusema ni nzuri. Alianza kona ya juu, akashuka kwa kidole taratibu, mstari kwa mstari, midomo ikitembea, nasi tukangoja. Karibu na ukingo wa kipe kidole kikasimama.

"Hapa pamechanika," akasema.

Melania akainama. Kweli, palikuwa na sehemu ndogo ambapo kalamu iliruka na macho manne hayakung'aa. Akachomoa kalamu, akakaa mchangani kando ya mzee, akaanza kuushona.