Baba Injinia

Miaka yote mtaa ulimwita Fundi, kwa sababu alishona suruali na suruali zake zilikaa vizuri. Binti yake alipohitimu uhandisi wa majengo, jina hilo likafa kabla hata joho halijarudishwa chuoni. Akawa Baba Injinia. Mkewe akawa Mama Injinia, na kaka wa binti, ambaye hesabu zilimshinda tangu utotoni, akaitwa Injinia Mdogo na hakujitetea. Mzee alilivaa jina kama koti lililokatwa kwa vipimo vyake. Alianza hata kutazama nyufa za kuta za watu na kuguna.

Basi jirani muuza mbao akaja na ramani ya ghorofa, kokoto zimeshamwagwa nje kwake.

"Baba Injinia, kilichobaki ni sahihi ya binti tu."

"Hilo tu? Iache hapo. Jioni lishakwisha."

Binti aliporudi kazini aliikuta ramani mezani, na kalamu juu yake.

"Baba, siwezi. Mimi ni mhandisi mhitimu. Bado nafanya kazi chini ya msimamizi, bodi ya wahandisi haijanisajili. Nikisaini hii, ndiyo hawatanisajili tena."

"Si una digrii?"

"Digrii ninayo. Usajili sina."

"Nimeshamwahidi mtu, mwanangu. Nitamtazama vipi?"

"Na ghorofa likimwangukia?"

Mama Injinia alikuwa akikunja nguo. "Hivi uliahidi sahihi ya nani, baba watoto? Yako au yake?"

Mzee aliikunja ramani polepole, akavaa viatu, akaenda mwenyewe.

"Binti hawezi kusaini," alimwambia jirani. "Tafuta aliyesajiliwa na bodi. Huyu wangu si injinia kamili bado. Ni..." Neno lilimkwama, akalisukuma. "Ni mhandisi mhitimu."

Jirani alilirudia taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Mhandisi mhitimu. Kumbe wamempandisha. Ndiyo maana hasaini vijumba vyetu hivi."

"Tafuta aliyesajiliwa," mzee alirudia.

"Nitatafuta, nitatafuta. Hongera sana, Baba Mhandisi Mhitimu."

Ramani ilikuwa imerudi bila sahihi, na hilo ndilo lililomleta mzee. Kwa mengine, jina jipya likiwemo, hakuona sababu ya kubishana na mtu nyumbani kwake.